Wiki Mbili za Mwanzo za Dawa ya Wasiwasi: Maudhi Yake, Namna ya Kuyapita na Dalili Zisizongojewa

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Liko suali ambalo familia za Unguja na Pemba huliuliza mara kwa mara: mgonjwa ameandikiwa dawa ya wasiwasi na daktari, ameimeza siku tatu nne, na badala ya kutulia anahisi kichefuchefu, usingizi umempotea, moyo unamwenda mbio, na wasiwasi wenyewe umezidi. Jee, aendelee au aache?

Jibu kwa ufupi ni hili. Maudhi mengi ya mwanzo yanatarajiwa, hupungua ndani ya wiki moja au mbili, na ziko njia za kuyapunguza. Dawa haiachwi kimya kimya, wala haiongezwi, bila ya kumshauri aliyeiandika. Na zipo dalili chache ambazo hazingojewi hata siku moja. Ufafanuzi wake unafuata.

Jee, kutumia dawa ya wasiwasi ni upungufu wa imani?

Tumeanza na hili kwa sababu wengi huacha dawa si kwa maudhi peke yake, bali kwa maneno ya watu. Mgonjwa akilalamika kuwa dawa inamsumbua, huambiwa: "Si tulikwambia? Ungeshika dhikri zako tu."

Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na Mabedui kuhusu kujitibu, aliwaelekeza wajitibu, na akabainisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Hakuyatoa katika maelekezo hayo maradhi ya nafsi. Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Na katika dua alizokuwa akizikithirisha Mtume wetu (S.A.W.) ni kujikinga kwa Mola wake na hamu na huzuni. Basi kuelemewa na huzuni au hofu si dalili ya ukafiri wala ya imani kukatika.

Waislamu wa zamani walilifahamu hili mapema. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Ndani yake aliyapanga maradhi ya nafsi mafungu mafungu, yakiwemo ghadhabu, huzuni, hofu na wasiwasi, na akaeleza kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua, na hutibiwa.

Dhikri, Qur-ani na ruqya ya kisheria havipingani na kidonge. Mgonjwa husoma nyiradi zake za asubuhi na akameza dawa yake asubuhi hiyo hiyo, kama afanyavyo mwenye sukari au presha.

Dawa tunazozizungumzia

Dawa zinazotolewa sana siku hizi kwa ugonjwa wa wasiwasi ni za kundi linaloongeza utendaji wa serotonini katika ubongo: fluoxetini, sertralini, eskitalopramu, sitalopramu na paroxetini. Watu huzijua kama dawa za sonona, na wengine hushituka wakisoma hivyo kwenye karatasi ya ndani ya pakiti. Hakuna kosa lililofanyika. Dawa hizo hizo hutibu sonona na wasiwasi.

Katika hospitali zetu iko pia amitriptilini, dawa ya kundi la zamani zaidi. Maudhi yake yanatofautiana kidogo na ya hizo nyengine, na tutayataja.

Diazepamu si ya kundi hili. Hiyo hutuliza ndani ya muda mfupi, lakini mwili huizoea haraka na mtu akaishindwa kuiacha, ndiyo maana madaktari hawapendi ivuke wiki mbili hadi nne. Dawa za serotonini hazina uraibu wa namna hiyo: mtu hazitamani, wala hahitaji kuongeza kila siku ili apate athari ile ile. Hata hivyo nazo huachwa taratibu, kama tutakavyoeleza.

Kwa nini maudhi hutangulia na nafuu huchelewa

Jambo hili likifahamika, nusu ya mzigo imeshatuliwa. Serotonini haiko kichwani tu. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, karibu 90 kwa mia, iko tumboni na kwenye matumbo. Dawa ikiingia, tumbo huhisi mabadiliko ndani ya siku ya kwanza au ya pili, ndipo huja kichefuchefu na kuharisha. Ubongo nao huhitaji wiki kadhaa kujipanga upya mpaka hofu ipungue. Kwa hiyo mgonjwa huanza kulipa kabla ya kupokea.

Mpangilio wa kawaida huwa hivi:

Siku ya 1 hadi ya 7: maudhi huwa makali zaidi. Wasiwasi wenyewe unaweza kupanda.

Wiki ya 2: maudhi mengi huanza kushuka, ingawa nafuu bado haijaonekana vizuri.

Wiki ya 2 hadi ya 4: dalili za mwanzo za nafuu. Mara nyingi watu wa nyumbani huziona kabla ya mgonjwa mwenyewe: amekula, ametoka barazani, amecheka.

Wiki ya 6 hadi ya 12: hapa ndipo huhukumiwa kama dawa imefaa au haikufaa.

Anayeacha siku ya tano ameyabeba maudhi yote na hakupata chochote katika faida. Tena hubaki akiamini kuwa dawa zilimshinda, na hali hakuzijaribu.

Wenye ugonjwa wa hofu ya ghafla, ile ya kuhisi roho inatoka, huwa wepesi zaidi wa kusumbuliwa na dozi ya mwanzo. Ndiyo maana madaktari wengi huwaanzishia kidogo: sertralini miligramu 25 kwa siku kabla ya kupanda 50, au eskitalopramu miligramu 5 kabla ya 10. Ikiwa umeanzishwa dozi kamili na maudhi yamekuelemea, muulize daktari kama inafaa kushuka kwanza. Usijikatie kidonge kwa uamuzi wako.

Maudhi yanayotokea sana na namna ya kuyapita

*Kichefuchefu na tumbo kuvurugika.* Meza dawa baada ya chakula, si tumbo tupu. Kula kidogo kidogo mara nyingi: boflo kavu, ndizi, wali mweupe, uji mwepesi. Uji wa shayiri unafaa sana, nayo ndiyo talbina ambayo Mtume (S.A.W.) aliieleza kuwa humpumzisha moyo mgonjwa. Chai ya tangawizi huwasaidia wengi. Vyakula vya mafuta mengi na pilipili vipumzishwe siku hizo. Ukiharisha, kunywa maji na madafu kwa wingi.

*Usingizi kupotea.* Ikiwa dawa inakukesha, muulize daktari kuihamishia asubuhi. Fluoxetini kwa kawaida huliwa asubuhi kwa sababu hii. Acha kahawa baada ya adhuhuri.

*Usingizi kupita kiasi.* Hapa ni kinyume chake: dawa ihamishiwe usiku. Amitriptilini huliwa usiku kwa sababu inalaza. Kabla hujajua dawa inakufanyaje, usiendeshe gari wala bodaboda, usipande mkarafuu wala mnazi, usizamie pweza, wala usitoke baharini peke yako. Wiki moja ya kupumzika kazi hizo ni bora kuliko kuanguka.

*Wasiwasi kuongezeka, kutetemeka, moyo kwenda mbio.* Haya ndiyo yanayowatisha watu zaidi, kwa sababu yanafanana na ugonjwa wenyewe. Jiambie: hii ni dawa inaingia, na itapita. Vuta pumzi taratibu kupitia puani na uitoe kwa muda mrefu zaidi kuliko ulivyoivuta, kwa dakika chache. Tembea ufukweni asubuhi. Chukua udhu, kaa na tasbihi yako. Ikiwa hali inakuzuia kukaa hata dakika moja, unazunguka nyumba nzima huwezi kutulia, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Anaweza kupunguza dozi au kukupa dawa ya kukusaidia kwa siku chache.

*Kuumwa na kichwa.* Kunywa maji na umeze parasetamoli kwa kipimo chake. Usikimbilie diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, kwani pamoja na dawa za serotonini huongeza uwezekano wa kutokwa na damu tumboni.

*Kinywa kukauka, choo kigumu, kizunguzungu ukisimama.* Haya ni ya amitriptilini zaidi. Kunywa maji mara kwa mara, kula papai na mboga, na unapoinuka kitandani kaa kwanza ukingoni kabla ya kusimama. Mwanamme mtu mzima akishindwa kukojoa, aende hospitali.

*Jasho na miayo.* Hazina madhara. Vaa nguo nyepesi, kunywa maji.

*Mabadiliko katika unyumba.* Dawa za serotonini zinaweza kupunguza hamu au kuchelewesha kumaliza, kwa wanaume na wanawake. Hili si lazima lipite ndani ya wiki mbili kama mengine. Watu wengi huacha dawa kwa sababu hii wakaona haya kusema. Hakuna haya katika kuuliza jambo la dini wala la matibabu. Mweleze daktari, kwani ziko njia, ikiwemo kubadilisha dawa. Na mume na mke waelezane, ili mmoja asidhani amechukiwa.

Vitu vya kuepuka

Mwambie daktari dawa zote unazotumia, pamoja na za kienyeji. Tunataja hasa zifuatazo:

Tramadoli, ambayo wengine huinunua madukani bila ya cheti. Ikichanganywa na dawa za serotonini inaweza kuleta degedege na sumu ya serotonini.

Dawa ya malaria ya mseto. Baadhi ya dawa za wasiwasi, kama sitalopramu na amitriptilini, huathiri mpigo wa moyo, na dawa ya mseto nayo inaweza kuuathiri. Malaria haiachwi bila ya kutibiwa, lakini anayekutibu ajue unameza nini.

Mirungi na vinywaji vya kuongeza nguvu, kwani huamsha wasiwasi ule ule unaojaribu kuutuliza.

Mitishamba isiyojulikana kilichomo. Na anayetaka kupiga hijama amwambie mpigaji kuwa anatumia dawa hizi, kwa kuwa damu inaweza kuchelewa kuganda.

Dalili zisizongojewa

Subira tuliyoitaja ina mpaka. Mgonjwa apelekwe hospitali bila ya kuchelewa akiwa na lolote katika haya:

1. Mawazo ya kujidhuru au kujiua, au yamezidi kuliko kabla ya dawa. Hatari hii huangaliwa zaidi kwa vijana. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo la wazi liwekwe kuhusu watoto na vijana wanaotumia dawa hizi, na mwaka 2007 ikalipanua mpaka umri wa miaka 24.

2. Homa kali, misuli kukakamaa, kutetemeka sana, kuharisha na kuchanganyikiwa vikija pamoja. Hiyo inaweza kuwa sumu ya serotonini.

3. Kuvimba uso, midomo au ulimi, kushindwa kupumua, au vipele mwili mzima.

4. Degedege au kuzimia.

5. Choo cheusi kama lami, au kutapika damu.

6. Furaha isiyo ya kawaida: halali siku kadhaa na wala hachoki, anasema mbio mbio, anagawa mali yake. Hii inaweza kuwa ishara ya ugonjwa mwengine uliokuwa umejificha.

7. Mtu mzima wa umri mkubwa kuchanganyikiwa na kuanguka anguka. Dawa hizi huweza kushusha chumvi katika damu ya wazee.

Kuhusu la kwanza tunapenda kuongeza neno. Kujiua ni haramu, na kila Muislamu analijua hilo. Kwa sababu analijua, mgonjwa mwenye mawazo hayo hufa na aibu moyoni asimwambie mtu. Wazo lililomjia mtu bila ya kulitaka katika hali ya ugonjwa ni dalili ya ugonjwa, kama homa ilivyo dalili ya malaria. Akikuambia, usimkaripie wala usimsomee adhabu za kaburi. Mshukuru kwa kukuambia, usimwache peke yake, weka dawa zote mbali naye, na umpeleke hospitali. Kumuuliza waziwazi kama ana mawazo hayo hakumtilii fikra hiyo kichwani. Humfungulia mlango wa kusema.

Swala na saumu

Mwenye kizunguzungu asiyeweza kusimama huswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa huswali kwa kulala, wala hapungukiwi. Aliyelazwa na dawa mpaka wakati ukatoka bila ya kukusudia huswali anapoamka. Hata hivyo ajipangie wa kumwamsha, na azungumze na daktari kuhusu saa ya kumeza.

Katika Ramadhani, dawa nyingi katika hizi huliwa mara moja kwa siku, hivyo huweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku. Aliyetapika bila ya kukusudia saumu yake haikubatilika. Aliyejitapisha kwa makusudi imebatilika na atalipa. Na mgonjwa anayekhofia kwa ushauri wa daktari kuwa kufunga kutamzidishia ugonjwa au kutachelewesha kupona kwake, Mwenyezi Mungu amemruhusu ale na alipe siku nyengine. Ikiwa dawa haina haraka ya siku mbili tatu, si vibaya kumuuliza daktari kama inafaa kuianza kabla ya Ramadhani au baada yake, ili wiki mbili za maudhi zisikutane na saumu.

Wengine huuliza kuhusu magamba ya kapsuli na jelatini iliyomo. Muulize mfamasia kama ipo dawa hiyo hiyo kwa umbo la kidonge, na mara nyingi hupatikana. Kama haipatikani, muulize sheikh unayemwamini kabla ya kuacha, wala usikate dawa kwanza ndipo uulize.

Mjamzito na anayenyonyesha wasianze wala wasiache kwa uamuzi wao. Ugonjwa usiotibiwa nao una madhara kwa mama na mtoto, na daktari ndiye wa kupima. Sertralini, kwa mfano, huingia kidogo sana katika maziwa.

Wajibu wa watu wa nyumbani

Mgonjwa katika wiki hizi mbili hahitaji mawaidha marefu. Anahitaji mtu wa kumkumbusha dawa kwa wakati, kumpikia chakula chepesi na kumpunguzia kazi. Mumewe, mkewe, mama au dada achukue daftari dogo na aandike kila jioni mistari miwili: maudhi gani yamekuwepo, amelala saa ngapi, amekula nini. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko kumbukumbu ya mgonjwa aliyechoka.

Dawa ziwekwe mahali pakavu, juu, pasipofikiwa na watoto. Amitriptilini hasa, vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Na anayesafiri kati ya Unguja na Pemba au kwenda bara achukue dawa za kutosha na siku kadhaa za ziada, kwa kuwa boti huchelewa na si kila duka la dawa lina dawa hizi.

Siri yake isitembezwe mtaani. Watu wameligeuza jina la Kidongo Chekundu kuwa la kumkejeli mtu, na hali hapo ni hospitali inayotibu waja wa Mwenyezi Mungu kama hospitali nyengine. Kejeli hiyo ndiyo inayowafanya wagonjwa wengine wafike wamechelewa.

Ikibidi kuacha

Akisahau dozi moja, aimeze anapokumbuka, isipokuwa wakati wa dozi inayofuata umekaribia. Asimeze mbili kwa pamoja kufidia. Akitaka kuacha, iwe ni kwa maudhi au kwa kuwa amepona, apunguziwe na daktari hatua kwa hatua. Kuacha ghafla huleta kizunguzungu, hasira, ndoto mbaya na hisia kama za kupigwa shoti ya umeme kichwani. Paroxetini ndiyo yenye shida zaidi katika hilo, na fluoxetini ina nafuu kwa sababu hutoka mwilini polepole. Na aliyepata nafuu kwa kawaida huambiwa aendelee miezi 6 hadi 12, kwa sababu kuacha mapema hurudisha ugonjwa.

Ikiwa wiki zimepita na dawa haikufaa, au maudhi hayakupungua, hiyo si hukumu juu ya mgonjwa. Dawa moja humkataa mtu na nyengine ikamkubali. Arudi kwa daktari.

Nasaha yetu kwa anayeanza leo: kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, muulize daktari mambo matatu. Nimeze saa ngapi? Nikisumbuliwa nimpigie nani? Na nirudi lini? Kisha mtaje mtu mmoja nyumbani atakayejua kuwa umeanza. Mwenye majibu ya maswali hayo na mtu wa kumtegemea anazipita wiki mbili hizi kwa wepesi zaidi, in shaa Allah.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu, Mponyaji ambaye hakuna uponyaji ila wake, awape shifaa wagonjwa wetu wa miili na wa nafsi, na azijaalie familia zetu kuwa mahali pa utulivu kwao.

Wallahu a'lam.